Wamesema wataacha gari nyumbani. Je, wataliacha?

SWALI: Niko kwenye timu ndogo ya utafiti. Mteja wetu anafikiria kutoza ada magari binafsi yanayoingia katikati ya jiji saa za msongamano. Kwenye hojaji tuliweka maswali mawili: "Je, unaunga mkono ada hiyo?" na "Kama ada hiyo ingeanzishwa, ungeacha gari nyumbani?" Wengi walipinga ada, lakini zaidi ya nusu ya wenye magari walisema wangeacha gari. Mkuu wangu anataka ripoti iseme kwamba wananchi hawaitaki sera hii, na kwamba ikipita zaidi ya nusu ya magari yatatoweka barabarani. Mimi nasita. Majibu ya "kama" yanaaminika kiasi gani? Na kwa kuwa hojaji imeshafanyika, nifanyeje na data hii?

JIBU: Ndugu mtafiti, endelea kusita. Data yako usiitupe, ina kazi yake, ila sentensi ya mkuu wako isiingie kwenye ripoti jinsi ilivyo. Bahati yenu ni kwamba sera hiihii imewahi kujaribiwa na kupimwa vizuri, kwa hiyo nitaanzia kwenye tukio, nadharia ifuate.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ulianza kutoza ada ya msongamano kwa majaribio tarehe 3 Januari 2006. Gari lilitozwa kati ya krona 10 na 20 kila lilipovuka mpaka wa eneo la kati, kutegemea saa, na jumla ya siku haikuzidi krona 60. Majaribio yalikoma tarehe 31 Julai, na Septemba wakazi wakapiga kura ya maoni. Kabla ada haijaanza, waliokuwa wakiiunga mkono walikuwa takriban theluthi moja ya waliohojiwa. Ilipoanza, magari yanayovuka mpaka yalipungua kwa takriban asilimia 20. Kwenye kura ya Septemba, zaidi kidogo ya nusu ya wapiga kura wa jiji walisema iendelee. Ikarudi kwa kudumu Agosti 2007, na miaka iliyofuata walioiunga mkono wakafika karibu asilimia 70.

Sasa rudi kwenye sentensi ya mkuu wako. Kama angeandika ripoti ya Stockholm mwishoni mwa 2005, angesema "wananchi hawaitaki", na angekuwa sahihi kwa miezi michache tu. Na kama angewauliza madereva wataacha gari au la kisha akatabiri nusu ya magari kutoweka, angekosea mbali. Asilimia 20 ilitosha kulegeza foleni, nusu haikuhitajika.

Kuna jambo jingine la Stockholm linalonivutia kuliko takwimu hizo. Jonas Eliasson, mtafiti wa usafiri aliyeshiriki kupima matokeo, amesimulia kwamba watu walipoulizwa baadaye kama walibadili msimamo, wengi waliamini walikuwa na msimamo uleule tangu mwanzo. Hata mabadiliko ya safari zao wengi hawakuyatambua. Ukifikiria, si ajabu. Safari za gari hazifanani siku hadi siku: leo kazini, kesho kwa fundi, keshokutwa kumpeleka mgonjwa. Mtu akiunganisha shughuli mbili kwenye safari moja, au akienda saa moja baadaye, haoni kwamba ametii sera. Anaona ameishi tu. Kama mtu hawezi kukusimulia sawasawa alichobadilisha mwezi uliopita, tunamwombaje atusimulie atakachobadilisha mwaka ujao, chini ya kanuni ambayo haijaandikwa?

Isije ikaonekana kwamba nasema kila sera inayochukiwa leo itapendwa kesho. Watetezi wa sera ngumu hupenda sana mfano wa Stockholm, na wengine wanautumia vibaya. Maoni hubadilika pale ambapo faida inaonekana kwa macho na hasara inageuka kuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa. Ireland ilipopiga marufuku uvutaji sigara kwenye baa na sehemu nyingine za kazi tarehe 29 Machi 2004, hata wavutaji wenyewe walibadilika: walioafiki marufuku kamili ya kwenye baa walitoka asilimia 13 kabla ya sheria hadi asilimia 46 baadaye. Moshi ulipotoka, kila mtu aliuona umetoka. Kodi ambayo faida yake haionekani popote haina sababu ya kupata bahati hiyo.

Tuingie ndani ya swali lenyewe. Uliuliza "kama ada hiyo ingeanzishwa, ungeacha gari". Kiswahili kimetupa njia zaidi ya moja ya kusema sharti, na zote hazina uzito sawa masikioni. "Ikianza, utafanya nini?" inamweka mhojiwa karibu na jambo, anaanza kuhesabu siku zake. "Ingeanza, ungefanya nini?" inamwambia kwa sauti ya chini kwamba jambo lenyewe liko mbali na pengine halitatokea, basi ajibu atakavyo. Nimewahi kusikiliza rekodi za mahojiano ambamo mhojaji alikuwa akibadilisha -nge- kuwa -ki- kila alipochoka, bila yeyote kugundua hadi data ilipokuja kuchambuliwa. Angalia hojaji yenu na uwaulize wahojaji walitamka vipi hasa. Usipuuze hili, nusu ya matatizo yetu huanzia kwenye mdomo wa mhojaji.

Halafu, mhojiwa hakuambiwa ada ni kiasi gani, saa zipi, nani atasamehewa, wala kama mabasi yataongezwa. Asipoambiwa hujaza mwenyewe. Mmoja aliwaza ada ya kumfilisi akasema angeacha gari. Mwingine akawaza sarafu chache akasema asingeacha. "Zaidi ya nusu" yako basi ni jumla ya majibu kuhusu sera nyingi tofauti, kila mmoja na yake kichwani.

Watu hujibu hata kuhusu sera isiyokuwepo. George Bishop na wenzake huko Cincinnati, Marekani, waliwauliza watu maoni yao kuhusu "Public Affairs Act" ya 1975, sheria waliyoibuni wenyewe. Takriban theluthi moja walitoa maoni, wakaunga mkono au wakapinga. Sidhani walikuwa waongo. Umesimamishwa na mtu mwenye karatasi, ameuliza kwa heshima, na kusema "sijui" kunaonekana kama kushindwa mtihani. Unashika neno moja kwenye swali na kulijibu hilo.

Na neno hilo moja lina nguvu kubwa. Januari 2019 shirika la Kaiser Family Foundation liliuliza Wamarekani kuhusu mpango wa bima ya afya ya taifa kwa wote. Asilimia 56 waliafiki. Walipoambiwa mpango utahakikisha bima kama haki ya kila raia, walioafiki wakapanda hadi asilimia 71. Walipoambiwa utafuta kampuni binafsi za bima, wakashuka hadi asilimia 37. Walipoambiwa unaweza kusababisha watu wacheleweshewe baadhi ya matibabu, wakabaki asilimia 26. Mpango ni uleule, mwezi uleule. Ukiniuliza ipi kati ya namba hizo ndiyo maoni ya kweli, nitasema kila moja ni ya kweli kwa sentensi iliyoitangulia. Mpango ukifika bungeni, sentensi zote nne hurushwa kwa pamoja kila siku, na hojaji yako iliuliza kabla ya kelele hizo.

Suala la pili ni gharama. Kusema "ningeacha gari" hakumgharimu mtu kitu. Wachumi wamepigana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa, na vita ilikolea baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska tarehe 24 Machi 1989. Ili kukadiria hasara ya mazingira ambayo haina bei sokoni, watafiti walioajiriwa na jimbo la Alaska waliuliza familia za Marekani kama zingekubali kulipa kodi ya mara moja kwa ajili ya mpango wa kuzuia ajali nyingine kama hiyo. Jibu la kati lilikuwa takriban dola 31 kwa familia. Zidisha kwa idadi ya familia za nchi nzima, unapata dola bilioni 2.8. Dola 31 za mdomoni zikawa mabilioni kwenye karatasi. Unaweza kufikiria jinsi mawakili wa pande zote walivyoanza kupenda takwimu.

Upande uliotilia shaka ulijibu kwa jaribio ambalo mimi huwaonyesha wanafunzi kila mwaka. William Desvousges na wenzake waliuliza makundi tofauti ya watu wangelipa kiasi gani kuokoa ndege wanaokufa kwenye madimbwi ya mafuta machafu. Kundi la kwanza liliambiwa ndege ni 2,000, la pili 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu: dola 80, dola 78 na dola 88. Idadi ya ndege imeongezeka mara mia, na jibu karibu halikusogea. Waliohojiwa walikuwa wakionyesha kwamba wanajali ndege, na dola 80 ilikuwa lugha waliyopewa ya kuonyesha hivyo. Nashuku "ningeacha gari" nyingi kwenye data yako ni za aina hiyo: mtu anakuambia yeye ni mwananchi mwema anayechukia foleni.

Serikali ya Marekani iliunda jopo chini ya wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow, ambalo mwaka 1993 lilisema njia hiyo ya kuuliza watu wangelipa kiasi gani inaweza kutumika, ila kwa masharti makali: muulize mtu kama anayepiga kura ya ndiyo au hapana juu ya kiasi maalumu, mkumbushe kwamba pesa hiyo itatoka kwenye matumizi yake mengine, na ukiwa na shaka chagua kadirio la chini. Baadaye watafiti walilinganisha majibu ya kudhania na malipo halisi kwenye tafiti nyingi. Mapitio ya List na Gallet ya 2001 yaliona maneno yakizidi vitendo kwa takriban mara tatu kwa wastani. Ya Murphy na wenzake ya 2005 yalipata uwiano wa kati wa 1.35, yaani maneno yalizidi vitendo kwa kama theluthi moja tu. Nakutajia zote mbili kwa makusudi. Ukikutana na mtu anayekuambia "gawanya kwa tatu tu utapata ukweli", mkwepe.

Hata mwelekeo wa kosa haujulikani daima. Mapema miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Waliingia kwenye hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu hizo barua: je, mngempokea mgeni wa asili ya Kichina? Kati ya 128 zilizojibu, zaidi ya asilimia 90 zilisema hapana. Utafiti huo una kasoro zake. Huenda aliyejibu barua hakuwa yule aliyesimama mapokezi, na wageni halisi walikuwa wamevaa vizuri tena wameandamana na mzungu. Lakini kasoro hizo ndizo zinazotufundisha. Barua iliuliza juu ya kundi kwa ujumla, mlangoni wakafika watu wawili wenye sura, mizigo na tabasamu. Sera nayo huwa hivyo: kwenye hojaji ni wazo, siku ikifika ni asubuhi fulani yenye mvua na basi lililochelewa.

Kuna pia wanaojibu kwa hesabu. Mwenye biashara ukimuuliza kama mshahara wa chini ukipanda atapunguza wafanyakazi, anajua jibu lake litasomwa na nani. Dereva anayepinga ada anaweza kukuambia "nitaendesha vilevile, ada yenu haitasaidia", na anayeitaka akaahidi kuacha gari ili wengine waondoke barabarani abaki nayo peke yake. Usicheke, nimeisikia.

Baada ya kubomoa hivi, nikuambie pale ambapo majibu ya kudhania yamefanya kazi, maana yapo. Baadhi ya manispaa za Uswisi ziliwahi kuamua maombi ya uraia kwa kura ya siri ya wakazi, mwombaji mmoja mmoja, zikiwa na maelezo yake mafupi mkononi. Jens Hainmueller na wenzake walichukua matokeo hayo halisi wakayalinganisha na hojaji iliyoonyesha waombaji wa kubuni wenye sifa zilezile. Katika muundo mmoja, ule wa kuweka waombaji wawili bega kwa bega, nguvu ya sifa mbalimbali kwenye hojaji ilitofautiana na ile ya kura halisi kwa takriban pointi mbili za asilimia. Nadhani ilifaulu kwa sababu mhojiwa alipewa uamuzi uleule na habari zilezile. Walipotumia sampuli ya wanafunzi badala ya wapiga kura, usahihi ulipungua. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye "kama" yenyewe. Uko kwenye "kama" tupu.

Uzoefu nao una uzito. Mtu aliyewahi kuishi bila gari kwa mwezi mmoja wakati liko gereji anajua anachokisema. Imani kwamba jibu lina matokeo ina uzito pia: mhojiwa anayeamini kwamba ripoti itasomwa na waamuzi, na kwamba kweli atalipa, huwa mwangalifu zaidi kuliko anayeona ni mazungumzo ya kupitisha wakati.

Tuje kwenye data yako. Kwanza, tenga anayetamani na anayejiandaa. Shirika la kura za maoni la Gallup lilipouliza watu duniani kuhusu kuhama nchi, takriban watu wazima milioni 630 walikadiriwa kutamani kuhamia nchi nyingine kwa kudumu. Waliopanga kuhama ndani ya miezi 12 walikuwa milioni 48. Waliokuwa wameshaanza maandalizi, milioni 19. Anayeandika kichwa cha habari kwa namba ya kwanza anauza hofu. Ninyi mna namba ya kwanza tu, kwa hiyo itafuteni ya tatu. Chagueni sehemu ya wahojiwa kwa bahati nasibu, muwapigie tena, na safari hii muwatajie kiasi cha ada na saa zake. Muulize: safari ya mwisho uliyoingia mjini ilikuwa ya nini, ulikuwa na nani, na siku ile ungepita njia gani bila gari? Mtu asiyeweza kutaja namba ya basi wala kituo hajaanza kufikiria kuacha gari. Kipimo hiki ni rahisi, na nakiamini kuliko mengi yaliyopewa majina makubwa.

Pili, acha ndiyo na hapana. Tangu miaka ya 1960 F. Thomas Juster alionyesha kwamba ukimwomba mtu akupe uwezekano kwa kipimo cha 0 hadi 10 kwamba atanunua gari, unapata utabiri bora kuliko ukiuliza kama ana nia. Anayesema hapana mara nyingi humaanisha "pengine", na anayesema ndiyo vilevile. Kipimo kama hicho hutumika pia kupima uhakika wa jibu. Patricia Champ na wenzake waliomba michango ya kuondoa barabara kwenye ukingo wa kaskazini wa bonde la Grand Canyon, Marekani: kundi moja lilichanga kweli, jingine kwa kudhania. Waliodhania walikuwa wengi zaidi. Lakini walipobakizwa wale tu waliojipa uhakika wa 10 kati ya 10, walifanana na wachangaji halisi.

Tatu, tumia data kwa kulinganisha zaidi ya kutabiri. Ni nani wanasema wangeacha gari zaidi: wanaokaa karibu na kituo, au wenye watoto wa kupeleka shule? Tofauti hizo huwa imara kuliko asilimia yenyewe. Marekani iliporudishia watu kodi mwaka 2008, watafiti waliuliza familia kama zimetumia pesa hizo au zimeweka akiba, kisha wakaangalia matumizi yao halisi. Waliosema wametumia ndio kweli waliotumia zaidi, ingawa hata waliosema wameweka akiba walikuwa wametumia kiasi fulani. Mpangilio ulikuwa sawa, vipimo havikuwa sawa. Nafikiri hapo ndipo data yako ilipo.

Kwenye ripoti ningeandika hivi: "Zaidi ya nusu ya wenye magari walisema wangeacha gari kama ada ingeanzishwa. Swali halikutaja kiasi cha ada wala saa zake, na katika mji ambako sera kama hii ilijaribiwa, magari yalipungua kwa takriban asilimia 20. Tunachukulia jibu hili kama dari, yaani kikomo cha juu, si kadirio. Wengi wanapinga ada hiyo kwa sasa. Upinzani huu umepimwa kabla ya mtu yeyote kuishi nayo." Chini yake weka jedwali la makundi, kisha matokeo ya simu za marudio. Mkuu wako akisema sentensi hiyo ni ndefu mno kwa muhtasari, akate sehemu yoyote isipokuwa neno "dari". Na akikataa simu za marudio kwa sababu ya gharama, mwombe watu 50 tu. Ukisikiliza majibu yao kuhusu safari ya mwisho, utajua kabla ya kufika wa ishirini.